Unataka kufundisha saikolojia sekondari? Njia nzima toka form six mpaka siku ya kushika chaki

Kila msimu wa kuomba vyuo ukifika napata meseji zinazofanana, ticha nimemaliza form six, napenda sana saikolojia na nataka nikaifundishe sekondari, nisome kozi gani na wapi. Nimejibu mmoja mmoja miaka kadhaa, sasa nimeona bora niandike yote sehemu moja, mana hili jambo nalipenda na inaniuma sana nikiona kijana mwenye moyo anaingia chuo hajui mlango anaotokea. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya kata huku vijijini Dodoma, digrii yangu ni ya elimu upande wa saikolojia, na chumba cha ushauri nasaha cha shule yetu nakishika mimi.

Tuanze na ukweli wenyewe. Kwenye shule zetu za serikali hakuna kipindi kinachoitwa Saikolojia. Cheti cha NECTA cha form four hakina somo hilo, cha form six hakina. Uingereza wanalisoma A-level na wanafanyia mtihani, Marekani kuna AP Psychology, ndo mana ukitafuta mtandaoni unaletewa maelezo ya kule, unasoma unafurahi alafu ukija huku unatafuta shule ya kufundisha huioni. Sasa hiyo isikukatishe tamaa, ila lazima uijue kabla hujajaza fomu.

Saikolojia kwetu ina milango mitatu. Wa kwanza ni sekondari yenyewe, ila unaingia kwa somo lingine, mfano Kiswahili au Jiografia au Baiolojia, na saikolojia yako inafanya kazi ndani ya hilo somo na kwenye ushauri nasaha. Wa pili ni vyuo vya ualimu, pale saikolojia ya elimu inafundishwa kama somo kabisa kwa walimu tarajali, na huku kanda yetu tuna Chuo cha Ualimu Mpwapwa na Bustani kule Kondoa. Wa tatu ni shule za kimataifa zinazofuata mitaala ya nje kama Cambridge au IB, huko saikolojia ni somo la advansi kama masomo mengine, nafasi ni chache ila zipo. Mwongozo huu unakuandaa kwa yote matatu kwa pamoja, kwasababu hujui Mungu atafungua upi kwanza.

Hatua ya kwanza, soma matokeo yako kabla ya kusoma matangazo ya vyuo

Kwa wa form six, kiwango cha chini cha TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, ni prinsipo pasi mbili zenye jumla ya pointi 4, na A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwahiyo D mbili zinakufikisha, lakini kufika sio kuchaguliwa, chuo kinachagua kuanzia juu. Wa diploma wana vigezo vyao. TCU wanatoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, kishushe, nenda kwenye chuo unachokitaka, soma ile safu ya vigezo neno kwa neno, mana kozi moja inaweza kudai masomo fulani ndo yawe prinsipo na ukikosea hapo umepoteza raundi nzima. Maombi unatuma moja kwa moja chuoni, hayapiti TCU.

Hapa Dodoma tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, pale juu ya vilima vya Chimwaga, kilianza 2007, na St. John's kule Kikuyu kwenye majengo yaliyokuwa ya Mazengo sekondari, vyote vinatoa walimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina digrii ya elimu ya saikolojia. Majina ya kozi yanabadilika badilika, usikariri jina uliloambiwa na kaka yako aliyemaliza zamani, fungua kitabu cha mwaka wako.

Kitu cha kuwa makini nacho sana ni tofauti ya digrii ya elimu yenye saikolojia na digrii ya saikolojia tupu. Ile ya elimu inakupa mbinu za kufundisha, inakupa mazoezi ya darasani, ukimaliza wewe ni mwalimu. Ile tupu ni nzuri sana kwa mtu anayetaka ushauri au utafiti, lakini ukimaliza huna ualimu, itabidi usome tena stashahada ya uzamili ya elimu, ile PGDE, mwaka mmoja mwingine na ada nyingine. Kama moyo wako upo darasani chagua ya elimu.

Hatua ya pili, somo la kufundishia, hapa ndo watu wengi wanaumia

Naomba unisikilize vizuri hapa mdogo wangu. Ukisoma digrii ya elimu ya saikolojia kwa kawaida unachukua na somo la kufundishia pembeni. Vijana wengi wanalichukulia kama mzigo, wanasema mimi nimekuja kwa ajili ya saikolojia hili lingine nachukua tu lolote lenye pepa rahisi. Miaka mitatu inapita, ajira zinatangazwa, tangazo linasema Mwalimu Daraja la III C, Hisabati, au Kiswahili, au Fizikia, limeandikwa somo kwa jina. Hakuna anayekuuliza ulipata A ngapi za saikolojia, wanaangalia transkripti yako ina lile somo au haina. Nina mwenzangu tulisoma darasa moja, akili nyingi kweli kweli, nadharia zote alikuwa anatufundisha sisi kwenye vimbweta usiku, lakini somo la kufundishia alilichukua juu juu akaliacha mwaka wa pili, na mpaka leo kila tangazo likitoka anapiga simu kuniuliza kama anaweza kulazimisha.

Kwahiyo chagua somo ambalo advansi ulilifaulu kwa prinsipo, alafu unalipenda kiasi cha kulifundisha miaka 20, na ulibebe mpaka mwisho. Kama una kombi ya sayansi na chuo kinaruhusu, Baiolojia inakaa vizuri sana na saikolojia, mana ubongo, neva na homoni utakutana nazo kote kuwili. Lugha nazo ziko karibu, mtoto anavyojifunza kuongea na kusoma ni saikolojia tupu. Hisabati wanatafutwa kila kona. Mimi nilichukua Kiswahili na sijajuta hata siku moja.

Kuhusu mkopo naenda haraka. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, dirisha la bodi ya mikopo, HESLB, likifunguka usisubiri wiki ya mwisho, na bumu likiingia nunua kwanza vitu vya kusomea. Kama umekosa hosteli ya UDOM, mtaa wa Ng'ong'ona kuna vyumba, angalia maji kwanza ndo uulize bei.

Hatua ya tatu, namna ya kuisoma saikolojia yenyewe

Mwaka wa kwanza utapewa majina mengi kwa mkupuo. Wundt na maabara yake Leipzig 1879, Pavlov na mbwa wake, Skinner, Piaget, Vygotsky, Erikson, Bandura. Madesa yatazunguka kwenye magrupu, kurasa sita sita zenye vidokezo, utakariri, utafaulu tesiti, na baada ya mwezi kichwa kitupu. Hilo nalo lina maelezo yake, Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha 1885 kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni tusiporudia. Dawa yake itumie wewe mwenyewe kwanza: soma leo, jiulize maswali kesho bila kufungua daftari, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki. Ukiona inakusaidia wewe ndo utaweza kumfundisha mwanafunzi aifanye.

Jambo nililolifanya likanisaidia kuliko yote, kila nadharia nilitafuta mtoto ninayemjua nikamweka ndani yake. Vygotsky anasema kuna vitu mtoto anaviweza mwenyewe, kuna asivyoviweza kabisa, na katikati kuna vile anavyoviweza akiwa na mtu wa kumshika mkono, na kufundisha kunafanyika hapo katikati. Lecha alilieleza kwa dakika 40 sikulielewa. Nilirudi likizo nyumbani nikamwangalia mdogo wangu anavyojifunza kuchunga. Alianza na ndama, karibu na nyumba, alafu akaenda na ng'ombe wote lakini kaka yupo mbele, alafu kaka anabaki nyuma kidogo, alafu siku moja akaachiwa peke yake. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Wagogo walikuwa wanafundisha hivyo toka zamani, Vygotsky amekuja kulipa maneno tu. Nilirudi chuo nikaandika hivyo hivyo kwenye asaimenti.

Na usikubali kusoma saikolojia kana kwamba watoto wote duniani wamezaliwa Ulaya na Marekani. Tafiti nyingi utakazosoma zimefanyika kule. Uliza kila mara, hii ingekuwaje kwenye kijiji cha Chemba huku kwetu Dodoma? Na kumbuka Afrika Mashariki imechangia pia. Mary Ainsworth, mama wa tafiti za mshikamano wa mtoto na mlezi, alianza kuangalia akina mama na watoto wao wachanga Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, miaka ya 1954 na 1955, kabla ya zile kazi zake za Marekani zinazotajwa kwenye vitabu. Na hapa hapa kwetu, Bagamoyo, mwanasaikolojia Sternberg na wenzake walichapisha 2002 utafiti wa watoto wa shule, waliwapa majaribio ya akili, wakawafundisha kwa muda mfupi tu namna ya kuyafikiria, wakawapima tena. Alama zikapanda, na alama za pili zikaeleza uwezo wa mtoto vizuri kuliko za kwanza. Fikiria sasa mtoto wa shule ya kata anayeitwa kilaza kwa mtihani mmoja wa form one, na mtihani wenyewe kwa lugha ambayo ameanza kufundishiwa mwaka huo huo. Huo utafiti nauweka moyoni kila nikisahihisha.

Hatua ya nne, takwimu

Watu wanakimbia hesabu wakidhani saikolojia haina. Ina. Utakutana na wastani, mchepuko sanifu, uhusiano, na ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, SPSS. Usiogope, shika maana kwanza fomula zitakuja. Wanafunzi 10, tisa wamepata 40 na mmoja kapata 90, wastani wa darasa ni 45 wakati hakuna hata mtu mmoja aliyepata 45. Ukishaelewa hilo hutadanganywa na ripoti ya wastani wa shule. Na uhusiano sio sababu: shule zenye uji zikiwa na ufaulu mkubwa inawezekana ni uji, inawezekana pia ni kwamba wazazi wanaoweza kuchangia uji ndo haohao wanaonunua vitabu. Mtu anayejua kutofautisha hivyo viwili ana faida kubwa kwenye kikao chochote cha walimu.

Hatua ya tano, BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni

Wengine wanaita TP, wengine fildi. Hapa ndo unajua kama ualimu upo ndani yako. Utatakiwa uwe na azimio la kazi, andalio la somo kwa kila kipindi, zana, na msimamizi atakuja siku usiyoijua akae nyuma. Andalio liwe la kweli, sio la kunakili la mwenzako ukabadilisha tarehe, mana msimamizi anaona ndani ya dakika tano.

Jifunze majina. Darasa likiwa na watoto 70 ni kazi, lakini chora ramani ya madawati, kila siku majina kumi, wiki ya pili umewamaliza. Mtoto ukimwita kwa jina anakaa tofauti, hilo nimeliona mara nyingi mno.

Mimi kwenye BTP yangu nilikuwa na binti form two, kipindi cha kwanza kila siku analala. Walimu wenyeji waliniambia huyo mzembe, mchape. Sikumchapa, nilimwita baada ya vipindi tukakaa nje chini ya mti ambapo watu wanatuona lakini hawatusikii, nikamuuliza tu siku yako inaanzaje. Anaamka saa tisa usiku kufuata maji, anarudi, anatembea kuja shule, na chakula ni jioni. Hakukuwa na uzembe hapo. Tulimhamishia dawati la mbele karibu na dirisha, mkuu wa shule akaongea na mzazi kuhusu zamu ya maji, na kila nikifundisha kipindi cha kwanza nikawa naanza na kazi ya kusimama na kuongea badala ya kuandika. Hakugeuka wa kwanza darasani, ila akaacha kulala, na siku naondoka alinisindikiza mpaka barabarani.

Kuhusu viboko nitasema ninachokiamini. Kanuni zetu zinataka adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na visizidi vinne. Wewe wa BTP huna ruhusa hiyo, kwahiyo weka fimbo chini toka siku ya kwanza. Na kisaikolojia adhabu inazima kitendo kwa muda mbele ya aliyeshika fimbo, haimfundishi mtoto cha kufanya badala yake. Skinner mwenyewe aliyesomea tabia maisha yake yote alipinga adhabu kama njia ya kufundisha. Tafuta kitu mtoto anachokifanya vizuri, hata kidogo, ukitaje mbele ya wenzake, alafu subiri.

Hatua ya sita, ushauri nasaha na mipaka yake

Ukishajulikana umesoma saikolojia watakuletea kila kitu, mtoto anayelia, anayetoroka, aliyepata mimba, hadi walimu wenzako wataleta ndoa zao. Anza kujizoeza ukiwa chuo. Sikiliza bila kukatisha, usihubiri, usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote kabisa, mwambie siri yako naitunza ila kama kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza lazima nitafute msaada. Hilo liseme mwanzo kabla hajaongea.

Alafu jua pa kumpeleka. Namba 116 ya kusaidia mtoto ni bure, ibandike ukutani. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Binti aliyepata mimba toka Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, na mabinti wengi na wazazi wao vijijini bado hawalijui, kwahiyo ni kazi yako kulisema.

Na sisi watu wa Dodoma tuna jambo letu, Mirembe. Mtu akisikia umesoma saikolojia anauliza utafanya kazi Mirembe, na watoto shuleni wanatukanana kwa jina hilo hilo. Mimi nawaomba sana mbadilishe hilo kuanzia na midomo yenu. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanaenda wanatibiwa wanarudi kwa familia zao. Mwalimu akilitumia kama tusi, yule mtoto mwenye mama aliyelazwa kule hatakuja kukuambia kitu maisha yake yote. Na wewe sio daktari, usimpe mtoto jina la ugonjwa. Andika ulichokiona, siku ngapi, saa ngapi, kimebadilika lini, mpe mzazi aende nayo hospitali.

Mwaka wa tatu utafanya utafiti. Chagua kitu kidogo, shule mbili tatu zinazofikika kwa daladala, chukua vibali mapema, omba ridhaa ya wazazi na watoto wenyewe, na usibuni data hata moja. Usiku wa kubuni majibu ya madodoso ni mfupi ila utabaki nao.

Baada ya gauni

Serikalini sasa unajisajili Ajira Portal na kuna usaili, sio kusubiri tu jina litoke kama zamani. Kwenye usaili utaulizwa somo lako la kufundishia na ualimu wenyewe, kwahiyo usiyatupe madaftari. Kwa wanaotaka vyuo vya ualimu, GPA nzuri ya saikolojia ndo inaanza kuongea hapo, na hata BTP unaweza kuomba uangalie vipindi vya wakufunzi.

Kwa wanaotaka shule za kimataifa, anzeni toka mwaka wa pili. Shusha silabasi ya Cambridge ya saikolojia, namba yake 9990, iko wazi mtandaoni. Ngazi ya AS ina tafiti 12 za msingi zilizogawanywa kwenye mitazamo minne, ya kibaiolojia, ya utambuzi, ya kujifunza na ya kijamii, humo yumo Bandura na utafiti wake wa 1961 wa watoto kuiga ukali kwa mwanasesere, yumo Milgram na utafiti wa watu kutii amri. Soma kila moja, walitaka kujua nini, walifanyaje, walipata nini, ina udhaifu gani, ilikuwa sawa kimaadili au la. Jizoeze kuieleza kwa Kiingereza kwa sauti mbele ya wenzako dakika kumi kumi. Ukienda usaili na masomo manne ya hivyo umeyaandaa mwenyewe, umejitofautisha na wengi.

Wakati unasubiri usikae nyumbani. Andika barua, ambatanisha transkripti, nenda shule iliyo karibu na kwenu, fika asubuhi kabla ya mstarini, muombe mkuu wa shule ujitolee somo lako la kufundishia, na muombe na saa moja kwa wiki ya ushauri nasaha, hata kama chumba hakuna, mti unatosha.